Mfalme Aliyehamia Ukweni

Watu huenda kwenye kikao cha ukoo na mbuzi, au na sukari kilo mbili, au na shahidi. Ambakisye alikwenda na mfalme.

Alitoka Mikumi alfajiri, akapita Kilosa, akafika Mamboya saa nne na vumbi hadi kwenye kope. Njia nzima alikuwa akimpanga mfalme wake kichwani kama fundi anayepanga matofali: hili la msingi, hili la kona, hili la juu. Tofali moja tu aliliacha Mikumi kwa makusudi.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Jumatatu watu wa upimaji wangefika kijijini. Kila shamba lingeandikiwa hati ya kimila, na hati haiwezi kukaa bila jina. Shamba la bondeni, eka tatu, lingeandikwa jina la nani?

Ambakisye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, dereva wa watalii Mikumi kwa miaka ishirini na miwili, elimu yake darasa la saba, na mdomo wake haukujua kona. Alimwoa Yusta, Mkaguru wa Mamboya, na kwa Wakaguru ukoo hufuata tumbo la mama, na ardhi hufuata ukoo. Mwanaume akija kujenga kwa mkewe anakaribishwa, analishwa na anatumwa. Ardhi haimhusu. Walipomwonyesha lile bonde lilikuwa matete na vyura. Kwa miaka kumi na miwili, kila likizo aliyopewa, alichimba. Alijenga banio la mawe kule juu kijitoni ili maji yageuke, akayaleta kwa mfereji wa mita mia sita, akapanda parachichi sabini, vitunguu na migomba. Mtoto hawakujaliwa, yeye na Yusta. Kwa hiyo, kwa desturi, baada yao shamba lingekwenda kwa Lightness, binti wa mdogo wake wa kike Yusta, aliyekuwa akiuza chaja na vioo vya simu Kilosa mjini. Ambakisye alikumbuka kumwona bondeni mara mbili, na mara zote alikuja kuchuma.

Yeye alitaka jina lake peke yake kwenye hati, na baada yake achukue Gwamaka, mtoto wa kaka yake Asajile wa Tukuyu.

Mfalme alimpata wiki mbili kabla. Siku hizi wageni wa Polandi ni wengi Mikumi. Wanaruka kutoka Zanzibar asubuhi, wanapiga picha twiga, jioni wanarudi baharini. Lakini mmoja alikuja peke yake akakaa siku tatu, mzee wa miaka sabini mwenye mguu mbovu, mwalimu mstaafu wa historia. Jina lake lilikuwa gumu, madereva wakalikata likabaki Zibi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama cha Ambakisye, ndiyo maana walielewana.

Siku ya kwanza, kwenye uwanda wa Mkata, simba jike alilala karibu na barabara akakataa kuamka. Walimsubiri saa mbili. Mzee Zibi akauliza habari za nyumbani, na Ambakisye, ambaye hakuwa na desturi ya kusema "salama" kama si salama, akamweleza habari ya shamba. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia, wewe ni Batori. Kuanzia hapo, kwa siku tatu, wanyama wakawa wa pembeni na mfalme akawa safari.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mjomba Yared, mjomba wake Yusta, mwinjilisti mstaafu na mkubwa wa ukoo. Wanaume walikaa kwenye makochi. Wanawake walikaa barazani wakipukuchua mahindi, mlango ukiwa wazi ili wasipitwe na neno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Yared aliomba sala fupi, kwa kuwa kifua kilikuwa kinamsumbua, na ndiyo sababu alitaka mambo yaishe yeye akiwa hai. Akamruhusu Cornel, kaka yake Yusta, aanze.

"Mimi sina maneno mengi," Cornel akasema. "Shemeji ni mtu mzuri, amefanya kazi. Lakini mkwe ni kama mwavuli. Mvua ikiisha unasimamishwa kwenye kona."

"Mwavuli haujawahi kuchimba mfereji," Ambakisye akasema. "Mjomba, naomba nieleze habari ya mtu mmoja. Aliishi Polandi, huko Ulaya, miaka mia nne na hamsini iliyopita."

"Tumekuja kuzungumza shamba," Cornel akasema, "shemeji analeta Wazungu."

"Mwache," Yared akasema. "Hata Injili ilitoka mbali."

Ambakisye akavuta kiti mbele.

"Nchi hiyo ilikuwa na ukoo wa kifalme, na ukoo ukaishiwa wanaume. Mfalme wa mwisho alikufa bila mtoto. Akabaki dada yake, Ana, ana miaka karibu hamsini, hajaolewa. Sasa kule mfalme alikuwa anachaguliwa. Wakamchagua kijana wa Kifaransa, kwa matumaini kwamba atamwoa Ana. Kijana akaja, akala, akacheza ngoma, harusi akaisogeza mbele. Mara akasikia kaka yake, mfalme wa Ufaransa, amekufa, kiti cha nyumbani kiko wazi. Akatoroka. Walimfukuza kwa farasi mpaka mpakani."

Barazani mahindi yalinyamaza.

"Kwa hiyo Ana akabaki na maandazi yake ya harusi," alisema bibi Selestina. Alikuwa mdogo wa marehemu bibi yake Yusta, miaka themanini na minne, na tangu siku ya mahari alimwita Ambakisye mume wake.

"Akabaki nayo, bibi."

"Mwanaume huyo namjua. Siku hizi anakaa Gairo."

Wanawake wakacheka. Ambakisye akangoja wamalize.

"Ndipo nchi ikagawanyika. Wakubwa wakamtaka kaizari wa Austria. Mabwana wadogo, wale wenye farasi mmoja na jina refu, wakasema hapana, mfalme wetu ni Ana, na mume wake atakuwa Stefano Batori. Huyu Batori alikuwa mtawala wa nchi ya milimani, Transilvania. Na kaizari huyohuyo alikuwa amewahi kumfunga miaka miwili. Kwa hiyo walikuwa wanafahamiana. Sasa sikilizeni. Wote wawili wamechaguliwa, kila mmoja na watu wake. Kaizari akakaa kwake akijadili masharti. Batori akapanda farasi. Kaizari anashtuka, mwenzake ameshaingia Krakov, mji wa kifalme. Mwezi wa tano akavikwa taji na kumwoa Ana. Yeye arobaini na miwili, bibi harusi hamsini na mbili."

"Kwa hiyo alihamia ukweni," Yared akasema polepole.

"Alihamia ukweni, mjomba. Na lugha yao hakuijua. Alizungumza nao Kilatini mpaka anakufa."

"Kama wewe na Kikaguru," Cornel akasema.

"Afadhali yeye. Mimi mkinisema naelewa."

Sasa hata Cornel alitabasamu. Ambakisye aliona wamemwachia njia, akakanyaga mafuta. Aliwaeleza kwamba kabla ya kuapa Batori alipewa karatasi ya masharti, hili usifanye bila bunge, lile usifanye bila bunge, na ukivunja tuna haki ya kutokukutii. Akaapa. Lakini wanasema aliwaambia pia kwamba yeye si mfalme wa kuchorwa ukutani. Na hakuwa. Mji wa bandari wa Gdansk, uliokuwa tajiri kuliko yote, ulimfungia milango, ukasema unamtaka kaizari. Akaenda na mizinga. Kuta zilimshinda, hilo Ambakisye hakulificha. Lakini jeshi lao alilipiga nje ya kuta, na vita vikawakalia kooni mpaka wenyewe wakaomba msamaha, wakalipa fidia, wakamkubali. Naye hakuwalipizia. Aliwaachia desturi zao.

"Hapo alifanya vizuri," Yared akasema.

"Kuna kubwa zaidi, mjomba. Zamani rufaa zote zilikwenda kwa mfalme. Watu wanazeeka wakisubiri kesi. Batori akakubali kuanzishwa mahakama kuu, mahakimu wachaguliwe, na hukumu yao iwe ya mwisho. Mfalme anakubali kupunguziwa mamlaka. Mimi nimeendesha wakubwa wengi kwenye gari langu. Sijaona hata mmoja aliyekubali kupunguziwa siti."

Jambo hilo lilimgusa Ambakisye kuliko vita vyote, na sauti yake ilishuka alipolisema. Kisha akaipandisha tena, akaenda vitani.

"Mashariki kulikuwa na mfalme wa Urusi, Ivan, mtu ambaye hata watu wake walimwogopa kuliko njaa. Alikuwa ameteka ardhi nyingi. Batori hakutaka kutegemea mabwana peke yao. Akachukua wakulima kutoka mashamba ya kifalme, kila eneo limtoe mmoja awe askari, na akiwa askari kazi za shuruti basi. Wakafika mji wa Polotsk. Ngome ya magogo, mvua inanyesha, moto haushiki. Askari wanakwenda ukutani na mienge wanauawa. Mfalme akatangaza, atakayeiwasha ngome hii namfanya bwana. Akatoka mtu mmoja, mfua shaba, mtu wa kutengeneza masufuria. Akabeba chungu cha makaa na kuni za mafuta, risasi zinamnyeshea, akakaa chini ya ukuta anapuliza mpaka magogo yakashika."

"Akafa?" aliuliza mwanamke mmoja barazani.

"Hakufa. Mfalme akampa ubwana kweli, akampa na jina la mji huo. Mtu wa masufuria, watoto wake wakawa mabwana. Miaka mitatu ya vita. Mji wa mwisho, Pskov, theluji na njaa vilimzuia, hakuuingia. Lakini Ivan alichoka kwanza. Ardhi ikarudi."

Akanywa maji.

"Alikufa mwezi wa kumi na mbili, miaka kumi tu tangu apewe kiti. Alipenda kuwinda. Alirudi mwituni akiwa mgonjwa, madaktari wawili wakagombana kando ya kitanda chake, naye akaondoka wakiwa bado wanabishana. Basi. Mgeni, mkwe, hana lugha, hana mtoto. Leo mwalimu wa miaka sabini anamtaja akiwa amevua kofia, nimemwona kwa macho yangu. Nchi ilikuwa ya mkewe, lakini kazi ilikuwa yake. Na mfereji ni kazi yangu. Nataka jina langu kwenye hati."

Yared alikuwa akiangalia mikono yake. Ambakisye alijua ukimya wa namna hiyo. Ndio ukimya wa wageni wanapokuwa wamemwona chui na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Alikuwa ameshinda, au alibakiza kidole kimoja.

"Mume wangu," bibi Selestina akasema kutoka barazani, "kiti alichukua nani?"

Lilikuwa ndilo tofali aliloliacha. Siku ya mwisho, wakingoja ndege kiwanjani, yeye mwenyewe ndiye aliyemuuliza Mzee Zibi swali hilo, na jibu lilipokuja akatamani angeuliza habari ya tembo. Sasa angeweza kusema hajui. Lightness, aliyekaa barazani na wanawake, alikuwa na simu mkononi, lakini hakuwa anaitazama. Alikuwa anamtazama yeye kama wengine wote. Hakuna ambaye angemsuta. Katika maisha yake alikuwa amesema maneno mengi ya kuudhi, lakini uongo ulikuwa unamshinda kuubeba, kama mtu asiyejua kubeba ndoo kichwani.

"Usinijibu," bibi akasema. "Alichukua mtoto wa dada yake Ana."

Ambakisye akageuka mzimamzima. "Nani amekwambia?"

"Nani aniambie nini? Nchi ilikuwa ya kina Ana. Ana hakuzaa. Ulitaka achukue nani, ng'ombe?"

Mzee Zibi, mwalimu wa historia, alimweleza jambo hilo kwa nusu saa, na wagombea, na mapigano, na jinsi Ana mwenyewe alivyomsimamia mtoto wa mdogo wake Katarina mpaka akapata. Bibi huyu alilimaliza akiwa na gunzi mkononi.

"Ni kweli," Ambakisye akasema. "Mtoto wa mdogo wake. Alitawala miaka arobaini na mitano."

"Na huyo Batori hakuwa na watoto wa kaka?"

"Alikuwa nao. Mmoja alimleta, akamsomesha, akawa kadinali."

"Kiti?"

"Hakupata."

Cornel akapiga goti lake kwa kiganja. "Shemeji, umekuja na hakimu wako mwenyewe, na amekuhukumu."

Kicheko kikajaa nyumba nzima, barazani na sebuleni, na Ambakisye akakaa katikati yake masikio yakiwaka. Alipoona kinapungua, akasema, "Chekeni. Lakini mmeniuliza, nimesema. Ningeweza kuwadanganya."

"Ungeweza," Yared akasema, na hakuwa anacheka. "Sasa na mimi niulize. Walimzika wapi?"

"Krakov. Kwenye kanisa la wafalme wa kwao Ana. Hawakumrudisha milimani kwake. Ana akamwekea kaburi la mawe ya kuchonga. Ingawa wanasema hawakupendana sana."

"Na Ana mwenyewe?" Aliyeuliza alikuwa Yusta. Tangu asubuhi hakuwa ametia neno.

"Kanisa hilohilo."

Yared akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Nitakwambia kinachotutisha, baba, kwa sababu umetuambia kweli. Si mfereji. Kila mtu hapa amekula vitunguu vyako. Mwaka juzi bondeni kwa jirani zetu alikufa mkwe wa kutoka Iringa. Kaka zake walikuja na lori la Fuso. Walichukua maiti, wakachukua kitanda na mabati. Baada ya miezi mitatu wakarudi na karatasi wakachukua shamba, na yule mjane sasa anakodi sehemu ya kulima kwenye ardhi ya mama yake. Wewe umesema mara ngapi kwamba utalala Tukuyu?"

"Mara nyingi."

"Basi jina lako likiwa peke yake, siku ile Fuso litapiga kona hapo nje. Tuambie. Utazikwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Wanyakyusa hawaulizani; mtu anarudi kwao, baba yake yuko pale kwenye migomba, nafasi ya pembeni iko wazi. Ambakisye alitazama mlangoni. Yusta alikuwa ameinamia ungo, lakini mikono yake haikuwa inapukuchua. Akawaza habari ya yule mwanamke wa Polandi, mtu mzima, aliyekimbiwa na wa kwanza, akachonga mawe kwa ajili ya wa pili, mgeni ambaye hata lugha hawakuwa wamepatana vizuri. Mtu anachongewa jiwe mahali ambapo wanataka abaki.

"Hapa," akasema.

"Sema mbele ya watu."

"Hawa ni nini, mbuzi? Nimesema mbele ya watu. Nitazikwa hapa. Lakini mfalme alipewa masharti, na mimi nina yangu."

"Sema."

"Hati iandikwe Yusta na mimi, pamoja. Baada yetu Lightness. Ila kila Desemba tunapozibua mfereji awepo, na koleo, si na mwavuli. Mwaka atakaokosa bila sababu, nafunga banio upande wake, na Cornel asije kunililia."

Wote wakamgeukia Lightness. Akaweka simu chini.

"Baba mkubwa, mimi najua kuuza chaja."

"Koleo halihitaji waranti."

"Na nikija, hutanitukana?"

"Nitakutukana. Lakini nitakufundisha."

Binti akafikiri, kwa sura ya mtu anayepima bei. "Basi nianze mwaka huu," akasema, "kabla hujazeeka ukawa mbaya zaidi."

Yared akamwomba Cornel aandike kwa kalamu, majina matatu, kwa mpangilio huo, apewe mtendaji wa kijiji Jumatatu asubuhi. Cornel aliandika, akakosea jina la Ambakisye, akasahihishwa, akaandika upya bila neno.

Baada ya chakula Ambakisye alipanda mlima nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtandao unashika, akampigia kaka yake Asajile. Akamweleza moja kwa moja, kwa Kinyakyusa, bila kuzunguka: shamba halitakuwa la Gwamaka, na yeye hatarudi kuzikwa Tukuyu. Ameshasema mbele ya watu.

"Umerogwa?" Asajile akauliza.

"Sijarogwa."

"Gwamaka nimwambie nini?"

"Mwambie aje Desemba tuzibue mfereji. Vitunguu atapata gunia lake. Shamba hapana."

"Na sisi? Tuje kukulilia huko milimani, kwa watu wasiotujua?"

"Watawajua. Nimewaambia habari zenu, na mbaya nimewaambia pia."

Asajile akavuta pumzi, ikasikika ndefu kwenye simu. Alikuwa mkubwa kwa miaka sita na hakuwa amezoea kuambiwa jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Tukitoka huku," akasema mwishowe, "tunashukia wapi?"

Ambakisye akakaa juu ya jiwe, akaanza kumwelekeza.